Maji ya visima vya Dodoma: ni sehemu ya lishe yetu, au ni chumvi tu tuliyoizoea?

#1 MkaziWaIlazo

Habari za jioni, wakuu. Nimehamia Dodoma kikazi nikitokea Tanga, na tangu nifike nimekuwa nikinunua maji yaliyochujwa, yale ya dumu la lita 20, kwa sababu maji ya kisima cha jirani yananishinda ladha yake. Mama mwenye nyumba wangu, ambaye amezaliwa na kuzeekea hapa hapa, ameyaona madumu yamepangwa barazani akaniambia waziwazi kwamba ninakunywa maji matupu, na kwamba wazee wa Kigogo wana mifupa migumu kwa sababu walilelewa kwa maji ya chumvi yatokayo ardhini. Nilimjibu kwa heshima kwamba chumvi si chakula. Baadaye nikasoma lebo ya dumu, nikakuta imeandikwa kalsiamu miligramu 3 kwa lita na magnesiamu miligramu 1, nikaanza kuwaza kwamba huenda mama ana hoja.

Kwa hiyo naleta dai ili mlivunje au mlijenge: maji ya visima vya Dodoma ni sehemu ya lishe yetu, na sisi tunaonunua ya kuchujwa tunatoa fedha ili tupunguziwe virutubisho. Mwenye ushahidi aulete, na mwenye hadithi ya babu yake naye anakaribishwa.

#2 Zabibu_Kavu

Hadithi ya babu ninayo. Babu yangu wa Mvumi alikunywa maji ya visima vya kuchimba kwenye mchanga wa korongo maisha yake yote, akalima kwa jembe la mkono hadi uzeeni, na hakuwahi kuvunjika hata kidole. Naunga mkono hoja ya mama mwenye nyumba. Ninachoshangaa ni mtu wa Tanga, aliyezaliwa kando ya bahari, kuja kutulalamikia habari ya chumvi.

#3 Kijana_wa_Udom

Napinga. Madini yaliyomo kwenye maji ni mawe yaliyosagika, na mwili wa binadamu hauwezi kuyatumia hadi yapitie kwanza kwenye mmea au kwenye mnyama. Nilihudhuria semina ya wauzaji wa virutubisho, na jambo hilo lilielezwa kwa michoro kabisa. Kalsiamu ya maji hupita tu, na ikishindwa kupita hukaa kwenye figo na kwenye viungo. Kunywa maji yako ya dumu kwa amani.

#4 Mwalimu_wa_Maabara

Ndugu wa #3, michoro ile ilikuwa inauza bidhaa. Mmea huyapata madini kwa kuyanyonya kutoka kwenye maji ya udongo yakiwa yameyeyuka, yaani katika hali ile ile yanayokuwa nayo kwenye glasi yako, na utumbo wetu nao huyafyonza yakiwa hivyo. Kalsiamu iliyoyeyuka kwenye maji hufyonzwa kwa kiwango kinachokaribiana na kile cha kalsiamu ya maziwa. Jambo hili limepimwa kwa watu mara nyingi, na Shirika la Afya Duniani lilipochapisha mwaka 2009 tathmini yake kuhusu kalsiamu na magnesiamu katika maji ya kunywa, halikuwa na shaka kwamba maji yanaweza kuchangia mahitaji ya mwili. Swali lililobaki ni la kiasi.

Tufanye hesabu. Mtu mzima anahitaji takriban miligramu 1,000 za kalsiamu kwa siku. Maji yenye miligramu 100 kwa lita, ambayo si ajabu kuyapata kwenye visima vya ukanda huu, yatampa miligramu 200 akinywa lita mbili, yaani moja ya tano ya mahitaji. Glasi ya maziwa ya robo lita humpa kama miligramu 300. Kwa familia inayokunywa maziwa kila siku, maji ni nyongeza ndogo. Lakini kwa familia inayokula ugali wa uwele kwa mlenda na kuyaona maziwa wakati wa masika tu, wakati ng'ombe wana majani, moja ya tano si ya kudharau hata kidogo. Kwa magnesiamu hali ni hiyo hiyo. Kwa chuma na zinki usitegemee sana maji, kwa sababu kwa kawaida kiasi chake ni kidogo mno. Hayo yatafute kwenye dagaa, nyama na kunde.

Kwa hiyo dai la mleta uzi lina ukweli, isipokuwa pale linaposema «maji ya visima vya Dodoma» kana kwamba ni maji ya aina moja.

#5 Fundi_Pampu

Hapo mwishoni Mwalimu amenifungulia mlango. Nafunga pampu za visima katika mkoa huu na mikoa ya jirani, na ninaweza kuwahakikishia kwamba visima viwili vilivyotenganishwa na uwanja wa mpira vinaweza kutoa maji ambayo hutaamini kwamba ni ya mtaa mmoja. Mji umeishi miaka mingi kwa visima virefu vya bonde la Makutupora, ambavyo maji yake husukumwa kutoka Mzakwe, na maji yale kwa viwango vya kanda hii ni ya kunyweka. Ukienda bwawa la Hombolo, maji yana chumvi ingawa ni bwawa la mvua. Ukivuka mpaka wa mkoa kuingia Gairo, Morogoro, kilio cha maji ya chumvi ni cha miaka na miaka. Ukipanda Kondoa, unakutana na maji ya chemchemi ambayo mleta uzi angeyanywa bila kulalamika.

Sababu zake si siri. Mwamba wa chini huku ni wa itale iliyo ya kale sana, na maji yanayokaa ndani ya nyufa zake kwa miaka mingi huyeyusha polepole kile kilichomo. Juu yake kuna jua. Dodoma hupata mvua ya msimu mmoja, kati ya milimita 550 na 600 kwa mwaka, wakati jua lina uwezo wa kukausha mara kadhaa ya kiasi hicho, hivyo kwenye mabonde yasiyo na njia ya kutolea maji, kama Bahi, maji huondoka kwa mvuke na kuacha chumvi nyuma yake, mwaka baada ya mwaka. Kwa hiyo chumvi nyingine imetoka kwenye mwamba na nyingine imeletwa na jua, na ulimi hauwezi kukuambia ni ipi.

#6 Binti_Mpwapwa

Asante, Fundi. Naongeza mfano wenye tarakimu. Tulichimba kisima nyumbani, nje kidogo ya mji, na kabla ya kukitumia baba alisisitiza tupeleke sampuli maabara. Majibu yalikuwa hivi kwa kila lita: kalsiamu miligramu 112, magnesiamu 48, sodiamu 190, floraidi 1.1 na nitreti 64. Maji yanaonekana safi kama kioo na ladha yake ni ya chumvi kidogo. Fundi aliyetuchimbia alitupongeza kwamba tumepata maji yenye afya. Je, ni kweli?

#7 Muuguzi_Mstaafu

Binti yangu, majibu yako yanaonyesha kwa nini neno «madini» peke yake halitoshi kuamulia jambo. Lita mbili za maji hayo zinakupa kalsiamu miligramu 224, ambayo ni zaidi ya moja ya tano ya mahitaji ya siku, na magnesiamu miligramu 96, ambayo ni kama robo ya mahitaji ya mtu mzima. Hapo mama mwenye nyumba wa Ilazo angeshangilia. Lakini lita hizo hizo zinakupa sodiamu miligramu 380, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi miligramu 2,000 kwa siku kutoka vyanzo vyote. Kwa kijana mwenye afya haina shida. Kwa mzee mwenye shinikizo la damu aliyekwisha kuambiwa apunguze chumvi ya mezani, ni vizuri ajue kwamba karibu moja ya tano ya kikomo chake ameshainywa kabla hajagusa chakula.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni nitreti. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita, nanyi mko juu yake. Nitreti si madini ya lishe, na mara nyingi katika makazi ni dalili ya vyoo vya shimo, samadi au mbolea vilivyo karibu na kisima. Mtu mzima anaweza asihisi chochote, lakini mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya kopo kwa maji hayo anaweza kupata hali ya damu kushindwa kubeba hewa ipasavyo, akabadilika rangi midomoni. Mtoto wa chini ya miezi sita apewe maziwa ya mama tu, na asiyeweza kunyonyeshwa atafutiwe maji mengine. Tafadhali msijaribu kutatua hilo kwa kuchemsha.

#8 Zabibu_Kavu

Kwa nini asichemshe, mama? Mimi nilifikiri kuchemsha kunaua kila kitu.

#9 Mwalimu_wa_Maabara

Kuchemsha kunaua vijidudu, na kwa ajili hiyo tuendelee kuchemsha. Nitreti, sodiamu na floraidi hazina uhai wa kuuliwa. Maji yanapopungua sufuriani kwa mvuke, hizo hubaki zote, hivyo kila glasi inazidi kuwa nazo kidogo. Kinachoondoka ni kile ambacho tungependa kibaki. Kalsiamu ya maji yetu kwa sehemu kubwa imeyeyuka pamoja na hewa ya kaboni, na ukichemsha, hewa hiyo hutoka na kalsiamu hugeuka kuwa chokaa isiyoyeyuka. Ule ukoko mweupe unaoukwangua kwenye birika kila baada ya muda ndiyo ile kalsiamu ambayo mleta uzi anaitafuta. Mtu anayekunywa maji yake yote yakiwa chai, na hasa akimimina kwa uangalifu ili ukoko usiingie kikombeni, asihesabu zile miligramu 224 za Binti_Mpwapwa. Sehemu yake imebaki ukutani mwa sufuria.

#10 MkaziWaIlazo

Kwa hiyo mama mwenye nyumba, ambaye hanywi maji ila yawe chai ya rangi, anakwangua mifupa yake na kuimwaga uani. Nitamwambia, lakini nitasimama karibu na mlango.

#11 Mnyaturu_Halisi

Mnazungumza mifupa kana kwamba madini yote ni rafiki wa mifupa. Mimi nimekulia Singida vijijini. Sisi tuliokulia kwenye kile kisima cha pampu ya mkono tuna meno yenye madoa ya kahawia, na wengine yamechimbika. Dada yangu aliyelelewa na shangazi Dar es Salaam tangu akiwa mchanga ana meno meupe, ingawa baba na mama ni wale wale. Nilipokuwa shule ya bweni nilijifunza kucheka nimefunga mdomo. Tuliambiwa ni floraidi, na kwamba serikali yenyewe iliwahi kuruhusu kiwango kikubwa kuliko dunia nzima. Je, hilo nalo ni kweli, au ni maneno ya vijiweni?

#12 Zabibu_Kavu

Pole, ndugu yangu. Hata hivyo, kwetu Mvumi wapo wenye meno ya namna hiyo ambao kisima chao si cha chumvi kabisa na sabuni inatoa povu vizuri. Nahisi mambo mengine ni ya ukoo.

#13 Mwalimu_wa_Maabara

Mnyaturu, la kiwango ni kweli, ingawa lina maelezo yake. Mwaka 1974 Tanzania iliweka kiwango cha muda cha miligramu 8 za floraidi kwa lita kwa maji ya vijijini, kwa sababu kufunga visima vyote vilivyozidi kiwango cha kimataifa kungewaacha watu wengi bila maji yoyote. Baadaye kikashushwa hadi miligramu 4, na kiwango cha sasa ni miligramu 1.5, sawa na cha Shirika la Afya Duniani. Meno huharibika yakiwa bado yanajengwa ndani ya taya, yaani katika miaka minane ya mwanzo hivi, na ndiyo sababu dada yako aliyeondoka mapema alisalimika. Kiwango kikiwa kikubwa sana kwa miaka mingi, mifupa yenyewe hukakamaa na kuuma, kwa hiyo siyo kila «mfupa mgumu» ni sifa.

Zabibu_Kavu, povu la sabuni linaweza kukudanganya kabisa hapo. Sabuni hukataa povu pale penye kalsiamu na magnesiamu nyingi. Lakini kalsiamu na floraidi hazipendi kukaa pamoja zikiwa zimeyeyuka. Kalsiamu ikiwa nyingi, huikamata floraidi na kuituliza chini kama kijiwe. Maji yenye floraidi ya kutisha mara nyingi ni yale yenye kalsiamu kidogo na sodiamu nyingi ya kimagadi, yanayoteleza vidoleni na kutoa povu zuri. Mama wa nyumbani huyasifu kwa kufulia, kumbe ndiyo yanayochora meno ya watoto. Ukoo siufuti moja kwa moja, kwa sababu watu hutofautiana katika kuathirika, lakini nisingeanza na ukoo.

#14 MamaLishe_Majengo

Shikamooni wakubwa, na wadogo marahaba. Nimewasoma kimya kwa muda, sasa mmefika jikoni kwangu. Napika maharage kila siku Majengo. Nikitumia maji ya kisima kile cha nyuma ya soko, maharage yanagoma: saa zinapita, mkaa unakwisha, na punje bado inagonga jino. Ndipo ninapotia magadi kijiko kimoja, nayo yanalainika upesi na mchuzi unakuwa mzito. Nikipata maji ya mvua, magadi siyahitaji. Mlenda nao bila magadi wateja wangu hawautaki, wanasema hauvutiki. Sasa nauliza: maji haya yenye lishe yana ugomvi gani na maharage?

#15 Mwalimu_wa_Maabara

Mama, umeleta swali zuri kuliko yote yaliyotangulia. Ngozi na kuta za punje ya harage zimeshikamanishwa na utomvu fulani wa mmea, na kalsiamu ya maji magumu, yaani yenye kalsiamu na magnesiamu nyingi, huingia katika utomvu huo na kuukaza, ndiyo maana punje inagoma. Magadi hufanya kazi kinyume: huituliza kalsiamu iliyomo kwenye maji na kuulegeza ule utomvu, hivyo maharage hufunguka. Kwa hiyo maji magumu ndiyo yanayokusukuma kwenye magadi.

Tatizo ni kwamba magadi hayaji peke yake. Huleta sodiamu kwa wingi, na hali ya kimagadi huharibu vitamini B1 iliyomo kwenye maharage. Kubwa zaidi, magadi mengi yanayochotwa kwenye maziwa na ardhi ya Bonde la Ufa yana floraidi nyingi. Watafiti wa meno hapa Tanzania walikwisha kuonyesha katika miaka ya 1990 kwamba watoto wa maeneo ambayo maji yake yana floraidi kidogo tu walikuwa na meno yenye madoa pale ambapo magadi hutumika sana jikoni. Zabibu_Kavu, kabla ya kusingizia ukoo wa Mvumi, uliza kwanza kuhusu mlenda wao.

Kwa maharage, yaloweke usiku kucha, umwage maji ya kulowekea, na kama una maji ya mvua au hata yale ya dumu anayoyanunua mleta uzi, yatumie kupikia maharage tu. Hata maji magumu yaliyochemshwa na kuachwa yatulie ukoko wake ni afadhali, kwa sababu kalsiamu yake imeshapungua.

#16 Kijana_wa_Udom

Kwa hiyo hatimaye maji ya kuchujwa yana faida, na maji ya kisima ndiyo yanayotupeleka kwenye magadi. Nilikuwa nimekaa kimya nikisubiri uzi uniokoe.

#17 Muuguzi_Mstaafu

Usishangilie mapema, kijana. Mboga zikipikwa kwa maji matupu hupoteza sehemu kubwa ya kalsiamu na magnesiamu yake, ambayo huhamia kwenye maji tunayoyamwaga. Zikipikwa kwa maji magumu, kiasi kinachopotea hupungua. Kwa hiyo maharage yana haja yake na mchicha una haja yake. Mama Lishe akiamua kuwa na ndoo mbili jikoni, sitamcheka.

#18 Mchunga_Bahi

Sisi wafugaji tunajua haya bila maabara. Ng'ombe waliolishwa upande wenye udongo wa chumvi hunawiri, na ukiwahamishia mahali penye maji matamu tu huanza kulamba kuta za nyumba na hata mashati yaliyoanikwa. Mnyama hajadanganywa na semina yoyote. Nina swali lakini: bibi zetu walitumia chumvi ya kienyeji iliyokwanguliwa huku huku kwetu, sasa tunaambiwa tusiitumie kwa sababu inaleta tezi la shingo. Chumvi inayotoka kwenye ardhi yenye madini mengi namna hii inakosaje madini?

#19 Muuguzi_Mstaafu

Ng'ombe anatafuta zaidi sodiamu, kwa sababu majani yana sodiamu kidogo, hivyo hatusaidii sana katika habari ya kalsiamu. Kuhusu tezi, kuna mkanganyiko wa siku nyingi. Goita hutokana hasa na upungufu wa madini joto, na madini joto hayafuatani na ladha ya chumvi. Ardhi inaweza kuwa na chumvi ya kumwagika lakini madini joto yakawa kidogo. Ndiyo maana kuanzia miaka ya 1990 nchi ilisimamia chumvi ya viwandani iongezwe madini joto, baada ya miaka kadhaa ya kugawa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya za nyanda za juu zilizoathirika zaidi. Chumvi ya kienyeji haina kosa lolote isipokuwa kwamba hakuna aliyeiongezea. Wapo wanaodai pia kwamba ugumu wa maji wenyewe huchangia tezi; hoja hiyo ni ya zamani na haijapata kusimama wala kuanguka.

#20 MkaziWaIlazo

Ninawashukuru wote. Narudi kwenye jambo lililoachwa tangu #3. Ofisini kwetu kila anayeugua mawe ya figo anaambiwa ni maji ya Dodoma. Je, kalsiamu hii ya bure haiishii huko?

#21 Muuguzi_Mstaafu

Mawe mengi ya figo kweli ni ya kalsiamu, lakini imeshikana na oksaleti, kitu kilichomo kwenye baadhi ya mimea, na hapo ndipo mambo yanapogeuka. Kalsiamu inayofika tumboni pamoja na chakula huishika oksaleti ya mchicha au karanga humo humo utumboni, nayo hutoka na choo bila kufika kwenye figo. Ndiyo maana watu wanaokula kalsiamu ya kutosha kwenye chakula chao hupata mawe machache kuliko wanaoikwepa. Adui mkubwa ni mkojo mzito. Katika mji wenye jua na ukavu kama huu, mtu aliyekaa ofisini kutwa kwa vikombe viwili vya chai, kwa sababu maji hayapendi, anajitengenezea mawe hata kama maji hayo yangekuwa matamu kama ya Kondoa.

#22 Fundi_Pampu

Kwa heshima, mama, nakubali maelezo lakini macho yangu yanaona jambo jingine. Pampu ninazozing'oa kwenye visima vigumu zimevimba ukoko hadi propela haizunguki, na wamiliki wa visima hivyo hivyo ndio ninaowasikia wakilalamikia mgongo na figo. Huenda ni kweli kwamba wanakunywa kidogo. Lakini kama wanakunywa kidogo kwa sababu ya ladha ya chumvi, basi chumvi imehusika, hata kama imepitia mlango wa nyuma.

#23 Kijana_wa_Udom

Hoja ya Fundi ni nzito kuliko inavyoonekana, na inagusa magonjwa ya moyo pia. Mwaka 1957 Mjapani Kobayashi alionyesha kwamba vifo vya kiharusi nchini mwake vilikuwa vingi zaidi pale ambapo maji ya mito yalikuwa na asidi zaidi, na mwaka 1960 Schroeder akatoa mfano unaofanana na huo kutoka Marekani, kwamba penye maji magumu vifo vya moyo vilikuwa vichache. Tangu hapo wengine wamesema ni magnesiamu inayolinda, wengine wamesema ni maji laini yanayong'ata mabomba na kuyeyusha risasi na metali nyingine, na wengine wamesema ni tofauti za maisha ya watu tu. Ushahidi wa magnesiamu ndio ulioendelea kuonekana mara nyingi, lakini hakuna aliyeutangaza kuwa hukumu. Ikiwa wenye maabara wameshindana tangu babu wa Zabibu_Kavu akiwa kijana, sisi tusitarajie kumaliza usiku huu.

#24 Zabibu_Kavu

Babu ametajwa tena, na safari hii pamoja na Mjapani. Nitawaarifu ukoo.

#25 Binti_Mpwapwa

Swali la mwisho kwangu, kwa sababu kisima bado kipo na baba anataka uamuzi. Kipo kile kipimo kidogo chenye umbo la kalamu ambacho wauzaji wa mashine za kuchuja hukichovya kwenye glasi, kikasoma namba kubwa, wakasema maji yako ni sumu. Kwetu kilisoma zaidi ya 900. Tununue mashine?

#26 Mwalimu_wa_Maabara

Kipimo hicho hukadiria jumla ya vitu vilivyoyeyuka, bila kuvitaja. Shirika la Afya Duniani linasema maji yaliyo chini ya miligramu 600 kwa lita huwa na ladha nzuri kwa kawaida, na yanayopita 1,000 huanza kukataliwa na ulimi. Hiyo ni hoja ya ladha, si ya sumu. Maji yenye kalsiamu nyingi na maji yenye nitreti nyingi yanaweza kusoma namba moja. Kwa bahati ninyi mna majibu ya maabara, na majibu hayo yanasema tatizo lenu ni nitreti. Angalieni kwanza umbali kati ya kisima na shimo la choo, lenu na la jirani, kisha pimeni tena mwishoni mwa masika na mwishoni mwa kiangazi, kwa sababu nitreti hubadilika na mvua. Mashine ya kuchuja inayosukuma maji kupitia utando mwembamba itaiondoa nitreti na sodiamu kwa sehemu kubwa, lakini itaondoa na kalsiamu na magnesiamu, hivyo atakayekunywa maji hayo ajue kwamba sehemu ile ya lishe sasa inabidi itoke kwenye dagaa wanaoliwa pamoja na mifupa yao, ubuyu na maziwa.

#27 Fundi_Pampu

Naongeza la sampuli, kwa sababu nimeona wengi wakiharibu hapo. Pampu iendeshwe kwanza hadi maji yaliyolala kwenye bomba yaishe, chupa isuuzwe kwa maji hayo hayo mara kadhaa, ijazwe hadi juu, ifunikwe, iandikwe tarehe na chanzo, na ifike maabara ya maji ya wizara siku hiyo hiyo ikiwa kwenye ubaridi. Msipeleke kwenye chupa ya soda iliyobaki na utamu, na taja kabisa kwamba unataka floraidi na nitreti zipimwe, kwa sababu si kila kifurushi cha vipimo kinazo.

#28 MamaLishe_Majengo

Nimeloweka maharage usiku na kuyapika kwa maji ya dumu bila magadi, kama Mwalimu alivyoelekeza. Yameiva kwa mkaa mchache kuliko kawaida, hilo silikatai. Wateja wawili wameniuliza kama nimebadilisha mpishi, na mmoja amerudisha sahani akidai mchuzi ni mwepesi. Kwenye mlenda sijagusa magadi, wala sitayagusa kabla mtu hajaniambia nitauvutisha kwa nini kingine.